Atakayemlilia Muhonja

Saa moja asubuhi, Soko la nyama la Burma jijini Nairobi limekwisha kuamka na visu vyake. Muhonja amekunja mikono ya sweta hadi juu ya viwiko, ameinamia karai la maji ya moto, na matumbo ya ng'ombe yanapinduka mikononi mwake mpaka yanatakata. Huku anaosha, anaimba. Ni sauti ndogo, yenye mkwaruzo, ya mtu aliyeamrishwa kunyamaza akashindwa.

"Daktari ameniambia nisipaze sauti tena," anasema bila kuinua kichwa. "Nikamuuliza, daktari, na watu je, umewaambia wasife?"

Muhonja ana umri wa miaka hamsini na minane, na karibu nusu ya umri huo ameumalizia kwenye karai hili. Siku njema hupata shilingi mia na hamsini. Siku mbaya hupata matumbo ya kwenda kupika. Lakini kutoka Makongeni anakoishi hadi Umoja, ni wachache wanaomjua kwa matumbo. Wanamjua kwa kuwalilia wafu.

Familia ya watu wa Magharibi mwa Kenya ikifiwa, kabla jeneza halijapandishwa gari la kwenda nyumbani, kuna mtu hutumwa Burma kumwita. Naye hunawa mikono, hujifunga leso, huenda. Hatozi chochote. Akipewa chai, anakunywa.

"Nikilipwa nitaanza kudanganya," anasema. "Mwenye pesa atataka marehemu wake awe malaika."

Kazi yake ina utaratibu. Akifika msibani haimbi kwanza. Huingia ndani na kuomba apewe kitu ambacho mikono ya marehemu ilikishika zaidi ya vyote. Amewahi kupewa spana, mwiko, sindano ya kushonea magunia, hata rungu la askari wa usiku. Hukipakata kifuani, huuliza maswali mawili matatu, kisha hutoka nacho uani. Hapo ndipo anapofungua kinywa, na marehemu huonekana kama aliyeingia kwa mlango wa nyuma, na ukaidi wake, na madeni yake, na ile tabia yake ya kucheka kabla hajamaliza hadithi. Watu hucheka. Halafu, bila kujua wamefikaje huko, wanalia.

"Mtu asiye na kosa simjui," anasema Muhonja. "Na nisiyemjua simlilii."

Javan, kijana anayekodisha spika za matangani, amemsikia mara nyingi kuliko mtu yeyote. "Huyu mathe akianza, mimi nazima mashine," anasema. "Si mchezo. Nywele inasimama mpaka unaona haya."

Lakini kinyozi hajinyoi. Mwaka 1991 mumewe Muhonja, Luseno, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, alifariki kwa ugonjwa wa kifua. Kwa desturi aliyolelewa nayo Muhonja, mjane haongozi kilio cha mumewe. Hukaa chini, anyamaze, wengine wamlilie. Muhonja akakaa chini, akanyamaza. Akangoja. Majirani walitazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake, kwa maana aliyezoea kuwatoa machozi ndiye huyo aliyekaa mkekani. Mwishowe Javan akaonea huruma kile kimya, akatia kaseti ya kwaya.

"Mume wangu alililiwa na kaseti," anasema Muhonja, na mikono yake inasimama ndani ya maji. "Nyimbo nzuri, sikatai. Lakini hiyo kaseti haikumjua Luseno. Ingemwimbia hata waziri."

Tangu siku hiyo ana swali moja linalomkosesha raha. Siku yake ikifika, ni nani atakayemlilia? Binti yake, Millicent, amekwisha kumwambia waziwazi kwamba kanisa lake halipendi mambo hayo. Wanawake wengine wa mtaani huitikia vizuri, lakini hakuna anayethubutu kuanza.

Kibanda cha pili, nyuma ya ukuta wa mbao, kuna Mama Leyla. Jina lake ni Ruqiyo. Alikuja Nairobi akikimbia vita Mogadishu, na sasa huuza chai na sambusa kwa wachinjaji. Wanawake hawa wawili waliwahi kukaa karibu miaka mitatu bila kusalimiana, na chanzo kilikuwa kilio.

Mwaka 1993 habari zilifika kwamba mumewe Ruqiyo, Jimale, aliyebaki nyuma kulinda duka lake la viatu, alikuwa amekufa na kuzikwa hukohuko. Muhonja alifanya kama mtu mwenye utu anavyofanya kwao. Alikwenda nyumbani kwa jirani akipiga mayowe tangu barabarani, mikono kichwani. Kwao, anayeingia msibani kimyakimya hutiliwa shaka kuwa ndiye mchawi.

Mlangoni alisimamishwa na wanaume. Walimwambia kwa adabu kwamba kwao haiwi hivyo, maiti haipigiwi mayowe, anyamaze au aondoke. Muhonja aliondoka kwa hasira na aibu. Kule ndani, Ruqiyo naye alidhani jirani amekuja kumfanyia kelele katika siku ya majonzi.

"Nilisema huyu mama hana heshima," anakumbuka Ruqiyo, akimimina chai. "Naye akasema sisi hatuna roho. Sote tulikosea."

Hata hivyo mbao hazizibi sauti. Miaka yote hiyo Ruqiyo alimsikia Muhonja akiosha matumbo na kuyatafuta maneno ya wafu wa watu, akiyajaribu, akiyatupa, akiyaokota tena. Hakuwa akimsemesha, lakini alikuwa akimsikiliza.

Machi mwaka huu wa 1996 alifariki Opicho, seremala wa Makongeni. Jeneza lililetwa nyumbani kwake mchana kabla ya safari. Mjane, Nabiswa, akampa Muhonja randa ya marehemu. Muhonja akatoka nayo uani, akaanza.

"Opicho, uliyetutengenezea vitanda na ukachelewa kuvileta, leo umelala kwenye mbao za nani? Nani amekupimia, ewe mpimaji?"

Watu walikuwa wanaanza kutabasamu kwa machozi. Alipovuta pumzi ya kuendelea, sauti haikuja. Alifungua kinywa tena. Hewa tupu. Uwanja mzima ukamtazama. Javan akanyoosha mkono kwenye mashine yake, na Muhonja, macho yamemtoka, akamkataza kwa kichwa. Kaseti, hapana. Si tena.

Ndipo ikasikika sauti kutoka penye ua. Ruqiyo alikuwa amesimama pale na shela yake nyeusi. Hakupiga mayowe. Alikariri, taratibu, kwa Kisomali, kila mstari ukianguka mahali pake, na mkono wake mmoja ukipanda na kushuka. Hakuna pale aliyeelewa hata neno moja isipokuwa jina, Opicho, lililorudi na kurudi. Na watu zaidi ya mia waliinamisha vichwa. Nabiswa, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu asubuhi, alilia mpaka akashikwa.

Baadaye walimuuliza alisema nini. Akawaeleza: "Nilisema, nyumba yangu ya kwanza walivunja mlango. Wewe Opicho ulinitengenezea mlango mwingine, na tangu usiku ule nalala. Leo, mlango unaouendea, nakuombea ufunguliwe."

Na vipi kuhusu mila yake? "Kwetu mayowe ni makosa," anasema. "Lakini kumsema mtu vizuri kwa shairi, bibi yangu alifanya, mama yangu alifanya."

Kesho yake Muhonja aliuzunguka ukuta wa mbao, akakaa kwenye benchi la chai. Kwa ile sauti iliyobaki akasema, "Mama Leyla, Jimale alikuwa anashika nini?"

Ruqiyo aliweka birika chini. Alifungua mkoba, akatoa kijipembe cha kuvalia viatu. Siku ya kukimbia alikitia mkobani gizani akidhani ni kitana. Ndicho kitu pekee cha mumewe alichonacho.

Muhonja akakipakata. Akauliza maswali yake. Kisha akamlilia Jimale hapohapo kwenye mvuke wa chai, polepole, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto, kwa kuwa hana nyingine. Akamsema muuza viatu aliyepiga magoti mbele ya miguu ya watu wote, na aliyekataa kukimbia kwa ubishi wake. Hirad, mchinjaji wa kibanda cha jirani, aliweka kisu chini. Hakuna aliyemkataza.

Siku hizi, wateja wakipungua, wawili hao hukaa pamoja na Muhonja husimulia maisha yake ili mwenzake ayajue. Huwa wanabishana.

"Weka kwamba niligombana na Luseno juu ya redio," anasema.

"Na kwamba wewe mkali kwa bei," anaongeza Ruqiyo.

"Hilo liache."

"Bila kosa sikujui, Mama Millicent. Si ni wewe ulisema?"

Muhonja anacheka mpaka anakohoa. Je, anataka nani atangulie? Anarudi kwenye karai lake, analisuuza, anafikiri.

"Nikitangulia, nitaliliwa. Akitangulia, nitamlilia, hata kwa kunong'ona," anasema. "Ila ningependa anitangulie mimi. Nikimwacha peke yake, yeye ataliliwa na nani?"

Upande wa pili wa mbao, Ruqiyo amesikia. "Hata mimi nilikuwa naomba hivyohivyo, wewe unitangulie," anajibu, na kumletea chai.