Pedi za Breki Nilizomnunulia Mume Wangu

Admin, shikamoo kama umenizidi umri. Jina langu usilitoe hata herufi moja, huku kwetu tunajuana wote.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mjane, naishi Newala. Nina watoto wawili, Zuhura wa miaka kumi na mbili na mdogo wake wa kiume (majina nimebadilisha). Siku hizi siishi nao. Wamechukuliwa na bibi yao, mama wa marehemu mume wangu, wako naye Makote. Anasema watoto hawawezi kulala nyumba moja na mtu aliyemuua baba yao.

Huyo muuaji ni mimi. Ndivyo wanavyosema.

Ilikuwa hivi. Baba Zuhura alikuwa na gari la kubeba mizigo, Newala kwenda Masasi. Mdogo wake, shemeji yangu, naye ana gari la aina ileile. Msimu wa korosho, breki za gari letu zikaanza kulia. Nilikuwa nakwenda Masasi kwa shughuli zangu, mume wangu akaniambia, "Mama Zuhura, ukifika huko ninunulie pedi za mbele."

Dukani muuzaji akaniwekea maboksi mawili mezani. Akasema, "Hizi ni rahisi, kwa mtu anayezunguka mjini zinatosha. Ila zikipata moto kwenye mteremko zinateleza, unakanyaga na gari halishiki. Hizi nyingine ni ghali, lakini zinavumilia." Nikampigia mume wangu. Akacheka, "Mke wangu, ule mteremko wetu unaujua mwenyewe. Chagua kama vile wewe ndiye utakayeendesha." Nikachagua zile nzuri. Njia nzima nimezipakata kama mtoto.

Nilimkabidhi mkononi. Kesho yake alikuwa na kazi kwenye mikorosho, akampa mdogo wake gari na zile pedi apeleke kwa fundi. Gari likarudi halilii tena. Wiki hiyohiyo mume wangu akapakia magunia akashuka kwenda Masasi. Katikati ya mteremko breki hazikushika. Dereva aliyekuwa nyuma yake alisema aliona taa za breki zinawaka, zinawaka, na gari linazidi tu kukimbia. Waliniletea mume wangu amefungwa shuka, wakanikataza kumfunua uso.

Msibani, mbele ya wanawake wote, mama mkwe akauliza, "Nasikia breki zilikuwa mpya. Zilinunuliwa na nani?"

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Ni shemeji, mama. Alikwenda Masasi akachagua mwenyewe."

Hakusema uongo hata neno moja. Mama mkwe akanigeukia, "Kumbe ulikwenda kumnunulia mwanangu sanda."

Jamani, niliamini. Eda yote nimekaa peke yangu, chakula naachiwa mlangoni kama mgonjwa wa kuambukiza, na mimi najisemea ni kweli, yule muuzaji alinidanganya, ningeuliza na duka la pili mume wangu angekuwa hai.

Nilipotoka eda nikaenda kwa yule fundi. Nilitaka tu kujua nilikosea wapi. Nikamwambia, "Fundi, usinifiche, nilichagua vibaya?"

Akashangaa. "Vibaya vipi, mama? Zile zako ni nzuri kabisa. Si zipo kwenye gari la shemeji yako?"

Nilikaa chini kwenye mchanga wenye oili. Akanieleza. Shemeji alipeleka magari yote mawili. Alisema ana safari ndefu na ameshakubaliana na kaka yake, zile mpya afungiwe yeye, na zake, zile za rahisi tena zilizokwisha kutumika, zifungwe kwenye gari la kaka. Alipoona ninavyolia, fundi mwenyewe akaogopa. "Mama Zuhura, nilijua mmekubaliana. Nakuomba usinitaje."

Nilimfuata shemeji. Hakukataa. "Ilikuwa kwa safari ile moja tu. Ningezirudisha."

"Mbona hukumwambia kaka yako?"

"Angekataa."

"Siku anashuka, wewe ndiye uliyemsaidia kupakia magunia! Ulishindwa hata kumwambia leo usiende?"

 Akasema taratibu, tena kwa heshima, "Shemeji, nenda kaseme. Mama amebakiwa na mtoto mmoja. Kamwambie huyo naye muuaji. Halafu uone nani atakuamini."

Mama mkwe ana presha, na tangu msiba imepanda, daktari amekataza mshtuko. Anayempeleka kliniki ni shemeji, kwa gari lake, na pedi zangu. Watu wanamsifu, wanasema amekuwa baba wa wale yatima. Mwezi uliopita nilimpelekea Zuhura sare za shule. Hakutoka ndani. Aliniuliza akiwa nyuma ya mlango, "Mama, bibi anasema ulipozinunua ulikuwa unajua. Ulijua?"

Ijumaa iliyopita kulikuwa na dua ya marehemu. Nikaruhusiwa kukaa nyuma kabisa, karibu na masufuria. Mama mkwe akainua mikono, analia, "Ewe Mola, aliyemuua mwanangu usimpe raha, si duniani wala akhera." Wote wakaitikia amina. Shemeji alikuwa ubavuni kwake, amemshika bega asianguke. Nilimkazia macho nione. Aliitikia, tena kwa sauti. Na Zuhura aliitikia, akiniangalia mimi.

Nikisema, yule mama nitamzika, au nitamwacha hai bila mtoto hata mmoja. Nikinyamaza, wanangu watakua wakiomba niadhibiwe. Ninyi mnaosoma hapa mna mama zenu, mna watoto wenu. Msinionee haya, niambieni tu: niseme, au ninyamaze?