Gauni la Saizi ya Bintiye

Fundi cherehani, jirani yangu, huongea akiwa ameuma pini, na kila akimaliza mshono huupuliza kama chai ya moto. Siku hizi wateja hujichagulia wenyewe kwenye simu: rangi, kola, hata jina la kutariziwa kifuani. Kila gauni jipya humvika bintiye, humsimamisha mlangoni, kisha humpiga picha na kuirusha mtandaoni. Nilimwambia, "Mwanangu, mtoto si sanamu ya duka." Akacheka. "Bibi nawe! Wateja wanampenda."

Jana mchana alinisomea oda ya mtu asiyemjua: gauni la bluu, vipimo vya bintiye hasa, na kifuani jina analomwita mtoto nyumbani tu. Pini zikamdondoka. "Bibi, jina hili sijaliandika popote." Nikamkumbusha ile video aliyoirusha, akisikika akimwita mtoto kwa jina hilo ageuke. Mikono yake, isiyotetemeka hata kwenye hariri, ikaanza kufuta picha kwa pupa. Hajafika ya tatu, mteja yuleyule akaandika: "Mbona unafuta? Ninazo zote. Gauni nitalifuata mwenyewe." Watoto walikuwa wameshatoka shule. Fundi akakimbia kumfuata bintiye, peku, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.