Hodi Tatu na Kikohozi

Siku ile juu ya tingatinga nilikuwa mimi, kwa hiyo ukitaka habari za Mama Hodi usiende kuuliza ofisini. Ofisini watakupa ripoti. Ripoti ni nzuri, imechapwa vizuri, haina hata kosa moja la herufi.

Mama Hodi alikuwa mtumishi wa halmashauri, idara ya barabara, mwanamke mfupi mwenye viatu vya kiume na kilemba kilichofungwa kwa haraka. Kazi yake ilikuwa kunitangulia. Watu wasio na makazi walikuwa wamejenga vibanda vya turubai na mabati kwenye ardhi ya serikali kando ya barabara kuu, na zamani serikali ilipotaka ardhi yake ilikuwa inatuma askari na mimi. Nasema zamani, na nilikuwepo, sijivunii. Mama huyu alipoletwa idarani akasema hapana, watu wanahamishwa, hawafagiwi. Alibishana na mabosi mpaka ukawa utaratibu: notisi ya wiki mbili, asiyejua kusoma asomewe, mizigo ifungwe kibandiko chenye namba ipelekwe bohari, basi lije, na kila anayepanda ajue kitanda chake kiko wapi kwenye bweni la halmashauri. Na juu ya yote, hodi. Kibanda cha mtu hakiguswi mpaka ipigwe hodi mara tatu.

"Ni nyumba ya mtu," aliniambia wiki ya kwanza. "Hata ikiwa ya nailoni, ni nyumba ya mtu. Zima hilo dude lako nisikie nikijibiwa."

Basi nikawa nazima. Yeye anapita kibanda kwa kibanda, hodi, hodi, hodi. Akiambiwa karibu anainama, anaingia, anakaa. Anaweza kukaa nusu saa anasikiliza mtu akimlalamikia shemeji yake, na mimi huku juu jua linanichoma utosi. Pasipojibiwa anachora W kubwa kwa chaki, maana yake wazi, nami siwashi mpaka niione. Kuchungulia hachungulii. Alisema kupeleka macho kwa mtu kabla hujakaribishwa ni utovu wa adabu, na serikali imeshawakosea adabu vya kutosha watu hawa. Nilimtania kwamba siku akifa atapiga hodi hata kaburini. Akasema, "Na wewe siku hiyo uzime injini."

Kibanda cha mwisho, pale kwenye kalvati la kupitishia maji chini ya barabara, kilikuwa cha Fundi Saa. Mzee mkavu, amebandika kioo cha kukuzia kwenye jicho moja, anatengeneza saa za wapita njia juu ya kreti la soda. Saa yangu hii aliitengeneza yeye. Bado inakwenda, ila siku nyingine naivua naitia kwenye droo, siwezi kuivaa.

Mara ya kwanza Mama Hodi alipofika kwake alipiga hodi tatu, kimya. Alishaiweka chaki kwenye bati. Ndipo ndani kikasikika kikohozi, kidogo, cha adabu, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuzungumza na wakwe. Mkono wake ukabaki hewani.

"Mzee wangu, kumbe upo?"

"Nipo."

"Mbona hukaribishi watu?"

"Nilishakaribisha," mzee akasema kutoka ndani. "Nilipokuwa na nyumba, walikuja watu wanne na mafaili, wapole kama wewe. Nikasema karibuni, nikawapa viti. Jioni viti vilikuwa nje, na mimi nilikuwa nje. Hilo neno simwambii tena mtu wa serikali."

Mwingine angechukia. Mama Hodi alikaa chini kwenye vumbi, akanyoosha miguu, akaongea naye kupitia turubai mpaka karibu saa nane mchana. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi yao: yeye anapiga hodi, mzee anakohoa, mazungumzo yanaanza. Nilicheka sana mimi. Nilikuwa najua kile kikohozi vizuri, wala sina pa kujificha kwa hilo.

Kwenye fomu ya kila kibanda kulikuwa na sehemu ya jibu: ndiyo au hapana. Ya kikohozi haikuwepo, na Mama Hodi hakuiandika popote. Aliiweka kichwani mwake.

Ilimchukua miezi mitatu kumtafutia mzee mahali. Bweni alilikataa, alitaka mwanga wa asubuhi, bila mwanga haoni nati ndogo. Akampatia chumba kidogo pembeni mwa bweni, chenye dirisha linalotazama mashariki. Mzee akakubali, kwa sharti moja.

"Nitatoka kwa hodi yako," akamwambia. "Akija mwingine sitoki."

"Nitakuja mwenyewe," Mama Hodi akasema. "Sanduku lako la vifaa litangulie, wewe unisubiri."

Siku ya kuhamisha ilipofika, binti wa Mama Hodi alishikwa na uchungu tangu alfajiri, mtoto amelala vibaya, wakampeleka kupasuliwa. Mama Hodi akanipigia simu akiwa hospitali. "Wapandisheni wale wengine. Fundi msimguse, nitakuja kumchukua kesho. Mwambie anayekaimu nafasi yangu."

Nikamwambia. Aliyekaimu alikuwa karani wa ramani, mtu safi, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Akaangalia karatasi zake. "Huyo keshaondoka. Sanduku lake limeingia bohari jana, namba kumi na saba, limesainiwa. Unaona fundi anaachana na vifaa vyake?"

Hoja hiyo ilikuwa na akili. Hata mimi niliiona ina akili. Na wingu lilikuwa limekaa juu yetu tangu asubuhi, zito, halinyeshi wala haliondoki, na bosi alikuwa anapiga simu kila baada ya dakika kumi kuuliza kama kalvati limezibuliwa kabla mvua haijaleta mafuriko barabarani. Basi lilishaondoka. Vibanda vyote vilikuwa chini, kimebaki kimoja.

Sasa nikwambie habari ya betri, maana ndiyo ninayojiambia kila siku. Betri ilikuwa imechoka wiki nzima. Ukizima, haiwaki tena mpaka lije gari lingine likupe moto, na gari lenyewe utalisubiri mpaka jioni. Karani aliniambia, "Usizime, tutalala hapa." Mkono wangu ulikuwa kwenye ufunguo. Nikautoa.

Karani alipiga hodi tatu, hilo simsingizii. Alisimama hatua tisa au kumi kutoka kibandani, akaita kwa sauti kubwa, hodi, hodi, hodi, na injini yangu inanguruma nyuma yake. Nilimwona tu mdomo unafunguka. Akaangalia saa, akaenda akachora W, akanipungia mkono.

Nikaliangalia lile turubai. Nilijiambia, kama mzee yupo si atatoka tu. Nilisahau kwamba mzee alishasema hatatoka, na mimi nilikuwepo akisema.

Nikashusha blade ya tingatinga nikasogea. Bati la mbele likakunjika, nguzo ya kona ikaanguka kwa ndani. Sijui nini kilinishtua. Labda lile kreti la soda, lilikuwa limesimama wima kwa ndani, juu yake kikombe, na kikombe kina chai. Nikazima. Injini ilikufa, na kimya kilichokuja baada ya hapo sijawahi kukisikia kingine kama hicho.

Kisha nikasikia kikohozi. Kidogo, cha adabu, kile kile.

Tulimtoa. Nguzo ilikuwa imelalia mkono wake wa kulia, ule wa bisibisi. Hakulia wala hakututukana. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Mama hajaja?"

Hospitali walimkata vidole vitatu. Mjukuu wa Mama Hodi alizaliwa salama siku hiyo hiyo, jengo la jirani. Ripoti ikaandikwa: notisi ilitolewa, mizigo ilihifadhiwa, hodi ilipigwa mara tatu, hakuna aliyejibu. Kila neno ni kweli. Hakuna aliyeadhibiwa. Mama Hodi aliisoma akiwa amesimama, akafika kwenye maneno ya hodi mara tatu, yaliyokuwa maneno yake mwenyewe, akaikunja taratibu. Kisha akanigeukia.

"Ulizima?"

"Mama, betri ilikuwa..."

"Sikukuuliza betri."

Nikaivua saa yangu nikaitia mfukoni. Yeye hakurudia swali.

Jumapili akaniambia nimsindikize wodini. Alikuwa na mfuko wa machungwa na sanduku la mzee, lile lenye namba kumi na saba, alilolitoa bohari yeye mwenyewe. Nilitaka kumbebea, akakataa. Kitanda cha Fundi kilikuwa cha mwisho kwa ndani, kimezungushiwa pazia la kijani. Tukasimama mbele yake.

"Hodi," akasema.

Akasubiri. Niliona shingo yake imekaza, anasikiliza kikohozi. Hata mimi nilikuwa nakisikiliza, naapa, nilikitaka kuliko mshahara.

"Hodi."

Kitanda kililia kidogo. Mtu alijigeuza.

"Hodi, mzee wangu," akasema mara ya tatu.

"Karibuni," Fundi Saa akajibu.

Alilisema vizuri, kwa upole, kama mtu yeyote anayekaribisha wageni. Mama Hodi alikuwa ameshalishika pazia. Akaliachia. Akarudi nyuma hatua mbili, akakaa kwenye benchi la ukutani na sanduku mapajani, machozi yanamtoka waziwazi mbele ya manesi, wala hakuyafuta.

"Ingia wewe," akaniambia. "Mimi alikuwa ananikoholea; leo anawakaribisha watu wa serikali, kama wale wa mafaili."

Akanipa machungwa. Nikaingia.