Kodi ya Vifuko Elfu Mbili

Juzi redio ilieleza kwa huruma nyingi jinsi kampuni za kigeni zinavyosumbuka kudai marejesho ya kodi. Niliizima nikatoka nje. Mimi naijua kampuni moja ya kigeni ambayo haikusumbuka hata kidogo. Ilirudishiwa kodi ambayo haikuilipa, na aliyeiwezesha ni mimi, kwa kalamu yangu, nikiwa na akili zangu timamu. Zaidi ya miaka ishirini imepita na hasira haijapungua. Nimeamua kuiandika kwa mpangilio, maana nikiisimulia kwa mdomo sauti hupanda na watu huacha kusikiliza.

Wakati huo nilikuwa katibu wa kikundi cha mafundi cherehani hapa Handeni. Tulikuwa wanne. Tuliungana kwa sababu tuliambiwa, mkutano hadi mkutano, kwamba fundi anayefanya kazi peke yake ni mnyonyaji anayesubiri nafasi. Tukaondoa cherehani zetu kwenye baraza za watu, tukazipanga katika chumba kimoja nyuma ya soko. Mmoja wetu alikuwa mama mdogo wangu, mdogo wake mama mzazi, mjane mwenye watoto watatu. Cherehani yake aliinunua kwa miaka mitano ya kibarua cha kuanika katani kule Ngombezi. Hakuwa na shamba la kutosha wala ng'ombe. Alikuwa na hiyo cherehani.

Mimi nilisoma hadi darasa la nne. Mengine nilijifunza mwenyewe, hasa katika kitabu cha utunzaji wa hesabu nilichokinunua kwa muuza karanga aliyekuwa akikichana kurasa kufungia bidhaa zake. Kurasa zilizobaki nilizijua kwa moyo. Moja ilisema kodi iandikwe katika mstari wake, mbali na bei. Nyingine ilisema risiti yenye namba haifutwi, haikatwi wala haichanwi. Niliyaamini maneno hayo kama mtu anavyoamini dini aliyoingia ukubwani.

Kampuni yenyewe ilikuwa ikitafuta madini upande wa nyika, kwa wafugaji. Walichimba vishimo kwa mistari iliyonyooka, wakachota udongo kila kishimo, wakautia kwenye kifuko chenye namba. Vifuko vilipelekwa Korogwe, vikapanda treni ya Tanga, na kutoka Tanga vikaenda kwao kupimwa. Walitaka vifuko elfu mbili vya kitambaa cha marekani. Mfugaji mmoja aliyekuja kushonewa koti alitukuta tumezama ndani ya vitambaa, akauliza ni vya nini. Tulipomwambia alicheka mpaka akaketi.

"Mnaushonea udongo nguo?" akasema. "Wanangu wako uchi. Kawaambieni hao wazungu waje wawapime na wao."

Kitambaa tulikichukua Korogwe kwa mkopo. Mwenye duka alikuwa mtu wa kweli lakini hakuwa mjinga, alitaka dhamana. Wenzangu wawili waliangalia chini. Mama mdogo akasema, "Kazi ni ya wiki tatu tu. Chukua kichwa cha cherehani yangu." Akakifungua mwenyewe kutoka kwenye meza yake, akakifunga kwa kanga, tukaenda nacho. Bili ya duka ilikuwa na mistari miwili: kitambaa shilingi elfu moja na mia sita, kodi ya mauzo shilingi mia moja tisini na mbili. Sisi ujira wetu wa kushona ulikuwa senti tano kwa kifuko, yaani shilingi mia moja kwa kazi nzima, kwa watu wanne. Naomba msomaji azishike hesabu hizo. Kodi peke yake ilikuwa karibu mara mbili ya jasho letu.

Tulishona kwa zamu kwenye cherehani tatu. Siku ya kupeleka kazi kambini nilikuwa nimevaa viatu. Karani wa kampuni, kijana wa Tanga mwenye maneno mengi, alihesabu vifuko kumi-kumi. Kwetu fundi haonyeshi kiganja kudai fedha kabla mteja hajaipokea nguo na kuigeuza; ni kumtukana. Kwa hiyo nilimkabidhi vifuko pamoja na risiti, nikamwambia aitunze maana yenye namba haichanwi, nikasimama pembeni kusubiri. Risiti ilisema: kitambaa, ushonaji, kodi, jumla elfu moja mia nane tisini na mbili, zimepokelewa kwa shukrani. Akaigonga muhuri, akaichomeka kwenye msumari wa mafaili. Ndipo akahesabu fedha. Zilikuwa elfu moja na mia saba.

"Ndugu karani, zimepungua."

"Hazijapungua. Hiyo nyingine ni kodi. Kampuni imesamehewa kodi na serikali yako, barua ile pale ukutani. Kazi ya wageni hailipiwi kodi."

"Lakini dukani tumetozwa."

"Kaidai serikalini, utarudishiwa. Ndiyo sheria ilivyo."

"Basi nipe risiti niandike nyingine."

"Risiti yenye namba? Wewe mwenyewe si ndiye uliyeniambia haichanwi?" Akacheka. "Ndugu katibu, ungezaliwa Ulaya wangekupa ukaguzi wa mahesabu. Nenda, hiyo ni karatasi tu."

Niliondoka. Hapa ndipo kosa langu lilipo na sitalipunguza. Nilimwacha na karatasi yenye sahihi yangu inayosema nimepokea kodi ambayo sikuipokea, kwa sababu sikutaka kitabu changu kiwe na risiti iliyoharibika. Nilipofika nyumbani nilifungua nakala ya kaboni nikaandika chini, kwa mwandiko safi, "Kodi haikupokelewa." Nikaridhika. Nilidhani ukweli ukishaandikwa mahali pamoja umeandikwa kote.

Ule ujira wa mia moja wenzangu waliugawana siku ileile na kununua unga, maana ulikuwa mwaka wa njaa na sikuwa na moyo wa kuwazuia. Elfu moja na mia sita nilizipeleka Korogwe. Mwenye duka alizihesabu, akatikisa kichwa.

"Bado mia na tisini na mbili, mwanangu."

"Serikali itaturudishia."

"Inshallah. Basi ikiwarudishia, mje mchukue cherehani. Nawavumilia mpaka mwezi wa Ramadhani uandame. Baada ya hapo naiuza, kuna mtu anaitaka, na watu wote mwaka huu wanataka cherehani kabla ya Idi."

Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Kwa mshonaji, mwezi wa Ramadhani ndio mavuno. Kanzu, magauni ya watoto, suruali za mashuleni, vyote vinakuja ndani ya siku hizo. Fundi asiye na cherehani Ramadhani hana chakula mpaka masika. Mama mdogo alijua hivyo kuliko mimi. Aliniuliza swali moja tu: "Hiyo serikali ina haraka?" Nikamwambia sheria iko upande wetu.

Na kweli ilikuwa upande wetu. Niliiomba ofisini wilayani nikaisoma nimesimama, kipengele kwa kipengele. Kazi inayofanywa kwa ajili ya kampuni iliyosamehewa, ikatumika nje ya nchi, haibebi kodi; na aliyekwisha kutozwa kodi hiyo arudishiwe. Nilijaza fomu kwa herufi kubwa. Niliambatanisha bili ya duka, nakala ya risiti, na maelezo ya ukurasa mmoja. Nikapanda lori la mkonge hadi Korogwe, nikapanda treni, nikaikabidhi ofisi ya mkoa kwa mkono wangu. Waliniambia nirudi baada ya wiki nne. Nilirudi siku ya ishirini na nane. Waliniambia nirudi tena baada ya wiki mbili. Nilirudi. Kila safari nilikula mkate mkavu na kulala stesheni, na kila nilipopita Korogwe nilivuka upande wa pili wa barabara ili mwenye duka asinione.

Safari ya tatu niliingizwa kwa ofisa mwenyewe. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye jalada moja tu juu ya meza. Alilifungua akaligeuzia upande wangu.

"Ndugu, kodi hii imekwisha kurudishwa."

"Kwa nani?"

"Kwa aliyeilipa. Kampuni. Waliomba, wakaleta risiti, wakalipwa. Ilichukua siku tisa." Akaweka kidole kwenye karatasi. "Mwandiko huu wa nani?"

"Wangu."

"Na sahihi?"

"Yangu."

"Imeandikwaje hapa?"

"Zimepokelewa kwa shukrani."

"Sasa unamdai nani?"

Nilimtolea nakala yangu. Aliyasoma yale maneno ya chini, akairudisha bila dharau, na upole wake ndio ulionichoma zaidi.

"Hii ni nakala, imebaki kwako. Nyumbani kwako unaweza kuandika hata kwamba wewe ni sultani. Halafu nikuambie kitu kwa faida yako. Ukishikilia kwamba hukuzipokea, basi ulitoa risiti ya uongo. Hilo ni kosa la jinai. Nikifungua jalada, nitaanza na wewe. Nifungue?"

Nilisema hapana. Nilisema hapana, nikachukua kofia yangu. Siku tisa! Watu waliochota udongo wetu bure, wakauvisha nguo kwa senti tano, walirudishiwa kwa siku tisa fedha ambazo hazikutoka mfukoni mwao. Sisi tulioitwa wenye nchi, tuliohamisha cherehani zetu kwa amri ya mkutano, tulitumia wiki sita kuonyeshwa mwandiko wetu wenyewe.

Nilikwenda moja kwa moja kambini. Yule karani alikuwa akifunga masanduku.

"Mlirudishiwa kodi ambayo hamkulipa."

"Mimi? Kampuni. Mimi napeleka risiti zote, sichagui. Kuna mstari wa kodi, napeleka. Nani aliuandika huo mstari?"

"Unajua hukunipa hizo fedha."

Alijua. Akaingia stoo, akatoka na furushi.

"Chukua hivi, vimebaki kama thelathini. Usije ukasema nimekufukuza mikono mitupu."

Vilikuwa vifuko vyetu. Nilivimwaga pale pale chini, jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa kazi ya mikono yangu, nikaondoka.

Mwezi ulikuwa unakaribia kuandama. Nilimweleza mama mdogo yote, pamoja na sehemu ya nakala na kitabu cha muuza karanga. Alisikiliza akichambua mchicha.

"Kwa hiyo karatasi uliiandika wewe."

"Ndiyo, mama."

"Na ulijua hela haijafika."

"Nilijua."

"Ukaogopa kukiharibu kitabu." Akasema kitu kwa Kizigua ambacho sitakiandika, akarudi kwenye mchicha wake.

Asubuhi yake nilifungua kichwa cha cherehani yangu, ambayo ilikuwa mpya kuliko yake, nikakitia kwenye gunia, nikaenda Korogwe. Mwenye duka alilizungusha gurudumu, akasikiliza, akakubali kubadilishana. Nilirudi na ya mama mdogo. Aliipokea, akaitia mafuta, akakaza mkanda, akaanza kushona kanzu ya mtu siku ileile. Hakunishukuru, na angenishukuru ningekasirika.

"Na wewe Ramadhani hii utashona nini?" akauliza bila kuinua macho.

"Nitaandika barua."

"Barua haivaliwi."

Niliandika hata hivyo. Nilikuwa nimefikiri njia nzima kutoka Korogwe. Ofisa alisema jalada likifunguliwa litaanza na mimi. Vema, lianze na mimi. Lakini likianza, halitaweza kuishia kwangu. Itabidi karani aitwe, msumari wa mafaili upekuliwe, kitabu cha malipo cha kampuni kiletwe, na kila mwenye macho aone kwamba siku ile zilitoka elfu moja na mia saba. Kwa hiyo nilijishitaki. Niliandika kwamba mimi, katibu wa kikundi, nilitoa risiti ya uongo, namba fulani, na kwamba kutokana na uongo wangu serikali imepoteza shilingi mia moja tisini na mbili kwa kampuni ya kigeni. Nikaomba nichukuliwe hatua. Nakala nilipeleka wilayani na chamani. Kisha nikangoja. Nilifunga Ramadhani nzima nikipiga pasi na kutia vifungo kwenye kazi za wenzangu, kwa senti chache, na kila gari lililosimama sokoni nilidhani limenifuata.

Idi ikapita. Kampuni ikang'oa mahema yake. Jibu lilikuja mwezi wa pili yake, bahasha ya kaki, muhuri mzuri. Nilimsomea mama mdogo chumbani nyuma ya soko, na wenzangu wawili wakasimamisha cherehani zao. Ofisi ilinipongeza kwa moyo wa uzalendo. Ofisi ilinikumbusha kuwa mwangalifu siku nyingine. Ofisi ilisema kwamba baada ya kulitafakari suala hilo imeona kiasi kinachohusika ni kidogo mno kufunguliwa jalada.

"Rudia hapo," akasema mama mdogo.

"Kiasi kinachohusika ni kidogo mno."

"Rudia."

Nikarudia.