Kipimo cha Ndege Ndani ya Benzi

Miaka ile ya utawala wa jeshi, nilikuwa kwenye gereji moja ya mtaa wa Kisenyi afisa mmoja alipoingiza Benzi yake. Akafungua kitambaa na kumpa fundi kipimo cha duara kilichong'olewa kwenye ndege, kile kinachomwonyesha rubani yuko juu kiasi gani.

"Funga hapa mbele," akasema, akigonga dashibodi kwa pete. "Nikipanda kilima ya Mbuya, nataka mshale inatembea."

Fundi alifuta mikono polepole. "Sawa, afande. Na ile ndege?"

"Rubani iko na macho."

Tukacheka. Nani angethubutu kutocheka?

Marubani wa kwanza kweli walitegemea macho, wameketi wazi kwenye upepo. Wakaingia mawinguni, wakagonga milima. Ndiyo maana vipimo viliongezwa mbele ya rubani kimoja kimoja, na nyuma ya kila kimoja kuna waliokufa. Sisi tukaanza kuving'oa kimoja kimoja kwa bisibisi!

Afisa yule, matairi yakiwa kwenye lami, alijua yuko juu futi ngapi. Rubani wa ile ndege, ndani ya wingu, alikuwa anatazama tundu kilipong'olewa kipimo.