Mlango wa Mama Mkwe

Ndugu yangu Pimamaji ana haya kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na kwa kuwa mimi dada yake ndiye niliyemlea, nusu ya lawama nibebesheni mimi. Jina hilo hakuzaliwa nalo. Mafundi wenzake walimpa kwa sababu ya kile kifaa cha waashi cha kupimia usawa, chenye kipovu ndani ya maji, ambacho hakimtoki mfukoni. Meza ya chakula ataipima, kitanda atakipima. Siku alipokwenda kujitambulisha ukweni aliona picha ukutani imelala upande, akashindwa kujizuia, akainuka mbele ya wazee wa watu akainyoosha. Baba wa binti akasema, "Kumbe tumeletewa fundi." Wala hakusema kwa furaha.

Tunafanya kazi ua mmoja. Yeye anachomelea chasisi upande wa getini, mimi nashona viti vya magari upande wa ukutani, kelele zake zinaingia kwenye cherehani yangu na vumbi la sponji zangu linaingia kwenye chai yake. Tunagombana kila siku na tunakula pamoja kila siku. Alimwoa yule binti, wifi yangu, mtu mpole sijui alimpendea nini. Lakini baba mkwe, karani mstaafu wa mahakama, kwa miaka mingi alimwita "yule bwana wa vyuma" hata mbele ya wajukuu zake. Pimamaji alikuwa akirudi kutoka huko amenywea, anapima kizingiti cha mlango wangu bila sababu.

Basi mzee yule alikuwa na gari. Dogo, la chini, la viti viwili, halina paa, rangi ya kijani iliyoiva. La michezo, lile la zamani ambalo vijana walikuwa wakilikimbilia barabarani kuligusa. Alimchumbia mke wake ndani ya gari hilo. Injini ilikufa zamani, likabaki bandani, na mzee akawa anakwenda kulipaka nta kwa mkono wake mwenyewe kana kwamba anamwogesha mtoto. Halafu akapata injini nyingine, ya silinda sita, yenye nguvu karibu maradufu ya ile ya kwanza. Akatuita wote, akasema mbele ya ukoo mzima: "Gari hili hatalitia mkono mtu mwingine. Mkwe wangu ndiye atakayelitengeneza. Nilimwahidi mama yenu nitampeleka nalo kwa dada yake kule milimani, na sitaki kufa na ahadi shingoni."

Wifi alilia. Pimamaji alitazama viatu vyake, lakini tabasamu lilimfika masikioni.

Sasa nielezeni kama kazi ile ilikuwa ya mchezo. Gari lisilo na paa halina kitu cha kulishika juu. Nguvu yote iko chini, kwenye chasisi na vile vizingiti viwili virefu vinavyopita chini ya milango. Ukilipachika injini nzito juu ya chasisi nyembamba ya zamani, siku utakayokanyaga mafuta litajipinda kama kitambaa kinachokamuliwa. Kwa hiyo aliichomelea chasisi ile bapa za chuma ubavuni, akaongeza mtambaa wa chuma wa kukatiza katikati, akatengeneza vikalio vipya vya injini, akabadilisha breki na springi. Kazi safi, sitii chumvi. Ikabaki vizingiti. Kile cha dereva kilikuwa kizima. Cha upande wa abiria kililiwa na kutu, ukikibonyeza kwa kidole unatoboa.

Na kuna jambo moja ambalo hata mimi mshona viti nalijua, kwa sababu yeye mwenyewe amelihubiri ua mzima. Kabla hujakata kizingiti, unachomelea chuma kikatize uwazi wa mlango, nguzo hadi nguzo, ili bodi isilegee ukishakata. Mwenzetu mmoja aliwahi kusahau, na Pimamaji akamcheka wiki baada ya wiki mpaka yule bwana akahamia karakana nyingine.

Ila kuchomelea chuma kwenye nguzo ya mlango kunaunguza rangi. Na mzee alipolileta gari alisema, "Rangi hiyo usiiguse, mwanangu."

Mwanangu! Hilo neno ndilo lililommaliza. Angeweza kumweleza: baba, lazima tuunguze kidogo, nitapaka upya. Sentensi moja tu. Akaona haya kumbishia mkwe wake siku ya kwanza aliyoitwa mwana. Akaweka magogo chini ya gari, akamwomba Mungu, akakata.

Mimi niligundua kwa kiti. Nilikuwa nimemaliza vyote viwili, ngozi nyeusi, mshono wa kijani. Cha dereva kikaingia vizuri. Cha abiria, bolti zikakataa matundu. Nikasukuma, nikavuta, nikasonya. Nikamwita.

"Viti vyako vimepinda, dada," akasema, bila hata kunitazama.

Ebo! Mimi? Viti vyangu? Nilichukua uzi wangu wa kushonea, nikaupima kwenye mlango wa dereva, toka kona ya juu hadi kona ya chini ya upande wa pili, nikaukata. Nikaupeleka mlango wa abiria kwenye kona zilezile. Ukalegea, ukaning'inia. Gari lilikuwa limebonyea katikati, na kizingiti kipya kimeshachomelewa humohumo kwenye ubonyevu.

"Haya, sema tena ni viti vyangu."

Alikaa juu ya tairi akafunika uso. "Dada, nitamwambia nini yule mzee?"

"Mwambie umekosea, unakata upya. Injini ile ikivuta mlimani, bodi itajinyonga, na mlango huo utafunguka kwenye kona. Unajua nani atakuwa amekaa hapo?"

"Atasema alijua tangu mwanzo mimi si mtu."

"Usiposema wewe, nitasema mimi." Na mimi sitishii bure. Kesho yake akaja akaniambia ameshazungumza na mzee, wamekubaliana, karekebisha. Kweli nikakuta mlango unafunga, na kiti kimeingia. Nikamwamini. Ni ndugu yangu, nisimwamini kwa nini? Kumbe alikuwa amesaga ukingo wa mlango kwa grenda, akapanua matundu ya bolti, akapitisha puti na rangi kwa brashi ndogo.

Siku ya kulichukua walikuja wote wawili. Mama mkwe alivaa gauni la maua na kitambaa kichwani kwa ajili ya upepo. Mzee akamfungulia mlango, akamsaidia kukaa, akaufunga. Ukafunga vizuri kabisa. Mafundi wakapiga makofi. Mzee akamgeukia ndugu yangu, akamshika bega.

"Nilikudharau mbele za watu," akasema, "na nakuomba radhi mbele za watu."

Nilimwangalia Pimamaji nikajua alinidanganya. Jasho jembamba lilikuwa linamtoka, midomo imekauka. Nikafungua kinywa, lakini yeye akawa ameshakwenda kuchukua jeki.

Aliisukuma chini ya kona ya mbele ya gari, akapampu mpaka gurudumu likaachana na ardhi. Tukasikia chuma kikilia. Ndipo akasema, akiwa bado amepiga magoti, "Mama, tafadhali fungua mlango."

Mama mkwe akavuta komeo. Mlango haukutoka. Akasukuma kwa kiwiko, akasukuma kwa bega. Mzee akauvuta kwa nje kwa mikono yote miwili. Ng'o.

"Bodi imepinda, baba, ukiinua kona moja inajinyonga," alisema Pimamaji. "Nimeipinda mimi. Na nikaficha."

Naye mama wa watu amekwama mle ndani. Ikabidi apande juu ya kiti changu kipya na viatu vyake, akunje gauni, avushe mguu mmoja juu ya mlango, kisha wa pili, mumewe amemshika kiuno, mbele ya mafundi wote. Ndugu yangu aligeukia ukuta akaegemeza paji la uso kwenye tofali. Nilitamani ardhi ipasuke immeze, maana ndicho alichokuwa anakiomba.

"Kwa nini hukufunga vyuma mlangoni?" mzee aliuliza. Kumbe naye alijua.

"Uliniambia nisiguse rangi."

Mzee alilitazama gari, akamtazama mkewe anayejikung'uta gauni. "Rangi," akasema. Akalirudia tena neno lile, polepole. Kisha wakaondoka kwa miguu, ufunguo ukabaki juu ya boneti.

Nilidhani tumemkosa. Asubuhi iliyofuata nilimkuta mzee getini kabla yetu, mikono ya shati imekunjwa, ana msasa mkononi. Hakutusalimia. Alichuchumaa kwenye nguzo ya mlango wa abiria akaanza kuitoa ile rangi ya kijani, yeye mwenyewe, mpaka chuma cheupe kikatokea. Alipomaliza pale akahamia nguzo ya pili. "Chomelea hapa," akasema. "Na hapa." Ndugu yangu aliteremsha kinyago cha kuchomelea mapema kuliko kawaida, na chini ya kidevu niliona machozi.

Kizingiti kilikatwa upya, na gari likafika milimani, likarudi. Ila mpaka leo mama mkwe akipanda gari lolote, la mtu yeyote, huufungua mlango na kuufunga, huufungua na kuufunga, ndipo akae. Hamlaumu mtu, ni mazoea tu. Na Pimamaji akiwa karibu, huingiza mkono mfukoni akashika kile kifaa chake, akatazama chini mpaka gari liondoke.