Siku Mfupa Ulipotoka Kwenye Koti la Marehemu

Jamani, mpaka leo nikipita Majengo kununua mboga kuna watu wananong'ona, "huyo ndiye yule mama aliyempa mbwa koti la marehemu," na siwezi kubisha kwa sababu ni kweli nilimpa, tena kwa mikono yangu miwili, tena nikamkunjia vizuri asiumie mbavu. Kwa hiyo ukitaka kucheka, cheka tu. Mimi mwenyewe nikianza kuisimulia hucheka, ila nikifika katikati nashindwa.

Mume wangu Benedikto alikuwa na mashine ya kusaga hapa Ruhuwiko, na kila asubuhi, hasa ile miezi ya baridi ambayo Songea hata maji ya kunawa uso yanauma, alivaa koti lake la mtumba, refu, zito, la rangi ya kahawa, akatoka na mbwa wake Jeki akimfuata nyuma. Jeki alilala mlangoni pa mashine kutwa nzima, akina mama wenye ndoo za mahindi wakimruka, na jioni wakarudi nyumbani wote wawili weupe kwa unga. Kisha Benedikto akafa ghafla (presha, na yeye ndiye aliyekuwa akitucheka sisi tunaokwenda kupima). Tukazika, watu wakatawanyika, nikabaki mimi na mama yake. Huyo mama mkwe wangu mtaa mzima tunamwita Mawu, ndiyo mama kwa Kingoni.

Basi Jeki akaacha kula. Anakaa getini anatazama njia ya kwenda mashineni, ukimwita hainuki, anageuza sikio moja tu kisha analirudisha. Nilimpikia ugali na dagaa, nikampa mpaka utumbo wa kuku, akanusa akaniachia. (Mawu naye alikuwa anaacha chakula, lakini yeye ni mzee, nikasema ni meno.) Nikaona huyu mbwa atanifia na yeye, nami nilikuwa sina nguvu ya kuchimba shimo jingine, nikamwita bwana mifugo. Akampima joto, akamfunua midomo akatazama ufizi, akapekua masikio kutafuta kupe, akasimama.

"Mama, mbwa wako haumwi," akasema. "Amefiwa. Usimlazimishe kula. Mpe kidogo kidogo, saa zilezile alizozoea, mtembeze njia ileile. Na kama kuna nguo ya marehemu ambayo haijafuliwa, mtandikie alalie. Ile harufu itamtuliza, mwisho atazoea."

Nguo! Hapo ndipo balaa langu lilipoanzia. Kwa ukoo wa mume wangu, nguo za marehemu zinafungiwa sandukuni na haziguswi mpaka siku ya kumaliza msiba, ndipo zinatolewa mbele ya ndugu wote na kugawanywa, na koti kila mtu alijua ni la shemeji Osmundi, kaka mkubwa. Ufunguo nilikabidhiwa mimi, na nilikuwa mkali nao kweli, maana hata Mawu aliwahi kuja kuniomba shati moja nikamwambia, "Mawu, si unajua mila?" akarudi chumbani kwake. Sasa mtu mkali namna hiyo akakaa akajishauri peke yake jikoni kwamba mbwa si mtu, mbwa hayumo kwenye mila, nitamwazima tu siku chache na hakuna atakayejua.

Nilianza kwa kumtandikia sweta langu, akalikataa. Nikalitoa koti. Jeki alilinusa kuanzia kola mpaka chini, akaingiza pua yote mfukoni, akatoa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwa mbwa, akazunguka, akazunguka, akalala. Kesho yake akala. Nilifurahi nikalia hapohapo, ufagio mkononi.

Ilipofika siku ya kumaliza msiba nilidamka nikamnyang'anya lile koti, nikalikung'uta manyoya, nikalianika juani, nikalipulizia manukato (mengi, ndiyo, lilinukia kama bwana harusi), nikalirudisha sandukuni. Jeki nikamfunga kamba nyuma ya jiko, yeye ambaye tangu azaliwe hajafungwa. Nilijiona mjanja. Mifuko sikuikagua, na nyie wenye mbwa mmeshaanza kucheka, maana mnajua mbwa akishiba mfupa uliobaki anaupeleka wapi: pale anapopaona salama kuliko pote.

Katekista akasalisha, watu wakala, pombe ya kangara ikazunguka, sanduku likatolewa uani. Shemeji Osmundi akavaa koti mbele ya ndugu, likamkaa vizuri mpaka watu wakaguna, kwa nyuma ungesema Benedikto. Akatanua kifua, akaingiza mkono mfukoni, uso ukambadilika, akautoa mkono pole pole. Mfupa.

"Yesu na Maria!" shangazi Yustina, dada wa marehemu baba mkwe, akapiga ukelele. "Mfupa kwenye koti la marehemu! Si niliwaambia kile kifo hakikuwa cha bure?"

Osmundi akawa hajui autupe ama aushike. Mtu akauliza kwa nyuma, "Ufunguo wa sanduku alikuwa nao nani?" Macho yote yakanijia mimi. Maneno ya uchawi kama hayo nayajua yanakoishia: mjane anafungasha nguo zake anarudi kwao, na mashine, nyumba, kaburi la mumewe lililoko nyuma ya shamba, vyote anaviaga. Nilitaka kusema jambo la heshima, la mtu mzima aliyefiwa. Kilichotoka mdomoni ni hiki:

"Ni wa Jeki!"

"Jeki ndiye nani?" akauliza mzee mmoja mgeni aliyetoka Namtumbo.

"Mbwa."

"Shemeji," Osmundi akasema taratibu, "koti la mdogo wangu ulimpa mbwa?"

Na mimi badala ya kuomba radhi nikaanza kueleza, ndugu zangu, nikaeleza habari za joto na ufizi na kupe, mbele ya ukoo mzima na katekista, na kadiri nilivyoeleza ndivyo vijana kule mwisho walivyozidi kuziba midomo. Jeki akasikia sauti yangu, ama alisikia harufu, sijui. Alikata kamba. Akaja mbio katikati ya miguu ya watu, akaangusha ndoo ya kangara yote mapajani mwa shangazi Yustina, akamrukia Osmundi miguu miwili kifuani, mkia ukienda kama umepagawa. Osmundi akapiga yowe, "Mamaaa!" akaenda chini na viti. Watu wakaangua kicheko, hata katekista.

Jeki akamlamba mikono. Kisha akamnusa shingo. Kisha akamtazama usoni, na mkia ukaacha kutikisika. Akashuka taratibu, akaingiza kichwa chini ya pindo la koti, akatoa ile sauti yake ndogo. Kicheko kikakatika chenyewe, na mimi nikawa nalia bila kujificha.

Ndipo Mawu akasema kutoka mkekani, bila kupaza sauti.

"Mwanangu, mimi nilikuomba shati moja. Moja tu, nilale nalo. Ukaniambia mila, nikanyamaza kwa sababu mila naijua. Mbwa umemwonea huruma." "Au mimi ningekaa getini?"

Nikakumbuka chakula alichokuwa anaacha. Meno, nilisema ni meno! Osmundi akainuka, akalivua koti, akaenda kumvika mama yake, likamfunika mpaka miguuni. Mawu akainuka nalo likiburuza, akasema, "Jeki, twende," wakaingia ndani wote wawili.

Nilipiga magoti nikamwomba msamaha, akanisamehe, ndiyo tabia yake. Uchawi hakuna aliyeutaja tena, ingawa shangazi Yustina bado ananidai kitenge. Asubuhi Mawu anavaa koti anakwenda mashineni na Jeki nyuma yake, wanakaa mlangoni, wanarudi. Chakula anakula nusu, nusu anampa mbwa, na mimi sisemi kitu.

Nimeapa kwamba mnyama wa nyumba hii akiacha tena kula, kabla sijampigia simu bwana mifugo nitatazama kwanza sahani za watu. Na nikiachiwa koti nilitundike, huwa naingiza pua kwenye kola. Linanuka mbwa tu siku hizi. Ila mfukoni, chini kabisa kwenye mshono, bado kuna unga.